Mshona Kadi wa Frere Town na Nusu ya Pili ya Nyota

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Agosti mwaka 1946, mkokoteni umekwisha kuondoka.

Unateremka polepole barabara ya Frere Town kuelekea daraja la Nyali, gurudumu moja likilia. Juu yake kuna kitanda kilichofunguliwa vipande, masufuria ndani ya gunia, sanduku la bati lililofungwa kamba, na kuku wawili waliofungwa miguu. Hamali anasukuma. Kando yake anatembea mwanamume mrefu anayekohoa. Nyuma yao wanakuja wanawake wawili.

Mwenye mwendo wa haraka ni Jael. Mumewe, yule mrefu, ni Nicanor, aliyekuwa fundi wa mashine ya kukamua mkonge mpaka vumbi la mkonge likamwingia kifuani. Baada ya miaka karibu ishirini ya pwani wanarudi kwao Butere, mwisho kabisa wa reli.

Anayeburuta miguu ni Bi Agneta Nyamvula, mshona kadi. Habari hii ni yake, maana ndiye aliyebaki. Anayeondoka ana safari ya kumshughulisha. Anayebaki ana nyumba tu.

Wanapofika darajani, Jael anasimama.

“Rudi sasa, dada. Ukivuka utatozwa ushuru wa kwenda na wa kurudi, na huna hata mzigo.”

“Mzigo ninao. Ni wewe.”

Jael anacheka kidogo, kisha anaacha. “Sikiliza. Kazi ikikwama, nitumie neno. Nitarudi.”

“Utarudi kwa kadi?” Nicanor anauliza.

“Kwa kadi. Wewe una dada zako wanne kule. Watakupikia uji.”

“Dada zangu hawajui kupika uji.”

“Basi omba kadi zisikwame.”

Nicanor anakohoa, anatema mate pembeni, halafu anamgeukia Agneta. Ni mtu wa haki, na maneno yake ni machache. “Ikikwama, aje. Sitamzuia. Lakini iwe imekwama kweli, Bi Agneta. Isiwe kukwama kwa moyo.”

“Haya,” anajibu Agneta.

Mkokoteni unaingia darajani. Mbao zinalia chini yake, na baada ya muda mlio wa mbao na mlio wa gurudumu haitambulikani tena upi ni upi. Agneta anageuka kabla hawajafika ng’ambo.

Bi Agneta alizaliwa Rabai, akaletwa Frere Town angali msichana kusoma shule ya misheni. Hesabu haikumkaa kichwani. Kilichomkaa ni sindano. Mwalimu wao wa kushona aliwafundisha mshono wa msalaba, ule wa kuvusha uzi mmoja juu ya mwingine mpaka vijisalaba vidogo vijae na kuwa ua, au ndege, au herufi.

Aliolewa na Mwarandu, kuli wa bandarini, mtu mpole aliyependa kuimba besi kanisani. Walizaa watoto wawili, wote wakafa wadogo. Mwaka 1933 Mwarandu naye akafariki kwa homa ya mapafu.

Kadi zilianza na matanga hayo. Watu wa kanisa walikuja kwa wingi, na mjane hakuwa na sukari ya kuwapa chai ya kuwashukuru. Akakata karatasi nene, akamshonea kila mmoja kijiua kidogo, akaenda nyumba kwa nyumba akigawa.

“Wengine walicheka,” anasema. “Walisema, huyu anatulisha karatasi. Lakini hakuna aliyetupa yake. Mpaka leo ukiingia nyumba za huku utaziona ukutani.”

Baadaye mtu akataka ya harusi, mwingine ya kipaimara, mwingine ya Krismasi. Hivyo ndivyo alivyopata kazi.

Ni kazi ya mambo matatu. La kwanza ni mshono. Anachukua kipande cha mraba cha karatasi nene, mabaki ya kiwanda cha kuchapa cha mjini, anakitoboa matundu kwa sindano iliyochomekwa kwenye gunzi la hindi, kisha anashona. Uzi wake ni mabaki ya hariri ya washona kanzu.

La pili ni mihuri. Ya kudumu anaichonga kwenye mti wa mpera. Ya siku moja anaichonga kwenye muhogo mbichi, kwa sababu muhogo unachongeka haraka, ila ukipata joto la mchana unasinyaa na nyota inakuwa buibui. Wino wa bluu ni buluu ya kufulia, na mweusi ni masizi yaliyochanganywa na gundi ya mti.

La tatu ndilo gumu. Anakata umbo kwenye bati la kopo la biskuti, analaza karatasi yenye unyevu juu yake, kisha anasugua kwa simbi, lile kombe dogo laini la ufukweni, mpaka karatasi inatuna na umbo linasimama lenyewe bila wino wala uzi. Kipofu akipitisha kidole atasoma.

Hilo la tatu lilikuwa la Jael. Alikuwa na mkono wenye nguvu, na mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto.

Jael alifika mlangoni kwa Agneta miaka mitatu baada ya Mwarandu kufa, akitaka kufundishwa. Utotoni alifungwa mkono huo kwa kamba ya mgomba ili aache kuutumia, na hakuacha. Agneta alipomwona ameshika sindano kwa kushoto, alimwambia wazi kwamba huku pwani mtu hampi mwenzake hata kikombe cha maji kwa mkono huo, sembuse kadi ya harusi.

“Basi nisugue tu,” akasema Jael. “Kusugua hakuna harusi.”

Akasugua karibu mwaka mzima, mpaka Agneta alipougua homa. Alikuwa ameacha kadi ya Krismasi katikati, nyota ya manjano aliyoishona upande mmoja wa kila pembe yake. Mwenye kadi alikuwa anakuja kuichukua. Jael, bila kuuliza, akamalizia pande zilizobaki.

Agneta aliamka na joto lake, akaiona, akataka kuifumua. Akaisogeza dirishani apate kuona pa kuanzia, na hapo mwanga ukaipiga.

Uzi ulikuwa mmoja, rangi ile ile. Lakini wa kulia huvusha uzi wake wa juu ukalala huku, na wa kushoto huuvusha ukalala kule. Hariri inayolala huku inang’aa, inayolala kule inafifia. Kila pembe ya ile nyota ilikuwa na upande wa jua na upande wa kivuli, kama karatasi iliyokunjwa katikati na kukunjuliwa.

“Nikaweka chini mkasi,” anasema Agneta. “Nikamwambia, we Jael, keti. Kuanzia leo unashona.”

Watu waliiita nyota iliyokunjwa. Mwenye kadi ya harusi hakuambiwa nusu yake ilitoka mkono gani. Wakati wa vita, askari waliopiga kambi upande wa Nyali walizinunua kupeleka kwao, kila mtu na kwao kwake. Wazungu wengine walitaka mnazi na bahari. Walishonewa, wakalipishwa zaidi, na wanawake hao wawili wakacheka.

Kadi moja ilikuwa senti hamsini. Kodi ya chumba cha Agneta ilikuwa shilingi sita kwa mwezi. Miezi mingine kadi zililipa kodi na unga, mingine zililipa kodi tu. Lakini kila asubuhi palikuwa na mtu wa kuuliza umelalaje.

Baada ya mkokoteni kuvuka daraja, Agneta alirudi na kupika sima ya watu wawili, kwa mazoea. Nusu ya Jael aliikuta jioni imekauka sufuriani. Akaendelea kufanya hivyo kwa siku nyingi. Mkono ulikuwa umezoea kipimo.

Kazi aliigawa upya, akatoboa, akashona, akapiga mihuri, akasugua. Huku akisugua alikuwa akisema, maana saa ya kusugua ndiyo iliyokuwa saa ya mazungumzo. Sidi, jirani yake muuza mbaazi na mahamri, anayemwita mayo, yaani mama, akapitisha kichwa mlangoni.

“Shikamoo, mayo. Una mgeni?”

“Marahaba. Sina.”

“Nilisikia ukizungumza.”

“Nazungumza na karatasi.”

“Inajibu?”

“Ina adabu. Inanisikiliza mpaka mwisho.”

Mwezi wa Oktoba akaja Justus Tsuma kuchukua kadi za Krismasi. Justus alikuwa mchuuzi wa vitabu vya nyimbo, akizunguka kwa baiskeli kutoka Kisauni mpaka Changamwe, na kadi za Agneta alizipeleka duka moja la mjini. Akaketi, akanywa maji, akafungua bahasha, akatoa kadi moja.

“Mama, hii nyota ina nini?”

“Ina nini?”

“Imelala.” Akaitoa mlangoni, akaigeuzageuza juani. “Ile ya zamani ilikuwa imekunjwa. Hii ni kama imekanyagwa na punda.”

“Basi usichukue.”

“Mimi nitachukua, mama. Mimi ni mwanao. Lakini yule mwenye duka ana macho, na hana mama huku.”

Alichukua. Baada ya siku chache akazirudisha zaidi ya nusu. Mwenye duka alikuwa amesema kwamba nyota za namna hiyo mashine za Ulaya zinazitoa kwa bei nafuu. Alitaka ile yenyewe. Akiipata, atachukua zote.

Agneta alikuwa amejaribu kwa mkono wa kushoto. Alijichoma mpaka karatasi ikawa na madoa.

“Mwezi ujao naenda bara na vitabu vyangu,” akasema Justus. “Nitafika mpaka Butere. Nimwambie Jael nini?”

“Ngoja kwanza.”

“Nimwambie kazi imekwama?”

“Nimesema ngoja.”

Lakini moyoni alikuwa amekwisha kujibu. Justus alipoondoka, alikwenda dukani akanunua unga wa wimbi, ambao yeye mwenyewe haugusi. Ni uji wa watu wa bara. Akafagia ile nafasi ya dirishani alipokuwa akikaa Jael, akatandika mkeka.

“Nilifurahi,” anasema, na hatazami pembeni anaposema. “Kadi zimerudishwa, kodi haijulikani itatoka wapi, na mimi nafurahi. Kwa sababu sasa kazi ilikuwa imekwama kweli. Nicanor mwenyewe angeona. Sikuwa namdanganya mtu.”

Kisha ikaja asubuhi ya Sidi.

Sidi aliingia na mbaazi zake, Agneta akiwa katikati ya nyota nyingine. Akainama, akakinyakua kile kipande kutoka mapajani mwake atazame.

“Usishike, una mafuta.”

“Mikono yangu ni safi kuliko ya kasisi.” Akakitazama, akakirudisha mapajani, akaendelea na habari ya mtu wa Junda aliyefukuzwa na mkewe akiwa amevaa kanzu ya mkewe. Agneta akacheka, akashona. Sidi akamaliza hadithi, na Agneta akakinyanyua kipande dirishani kukagua.

Sehemu aliyoishona wakati wa hadithi ilikuwa inang’aa tofauti.

Nyota ni kitu cha pande zote, ukiilaza ubavu haibadiliki, na kipande chenyewe ni cha mraba. Sidi alikuwa amekirudisha kimelala ubavu, Agneta asitambue, akashona kwa mkono wake ule ule wa kulia. Alipokigeuza kikasimama sawa, uzi wa juu ulikuwa umelalia upande wa Jael.

Akakilaza tena ubavu. Akashona vijisalaba vichache. Akakisimamisha. Akarudia. “Nilikizungusha kile kipande kama mtu aliyepotelewa na mlango wa nyumba yake,” anasema. “Halafu nikauona mlango, na sikutaka kuingia.”

Sidi alikuwa amesimama nyuma yake. “Si ndiyo ile ile? Basi umepona.”

“Nimepona nini?”

“Si ulikuwa huwezi?”

“Nilikuwa siwezi.”

“Na sasa unaweza.”

Agneta akakifunga kipande ndani ya kitambaa. “Usimwambie Justus.”

Sidi akajitwika sinia lake. “Mayo, mimi nauza mbaazi. Habari siuzi.”

Kile kipande kikaenda chini ya godoro. Mambo sasa yalikuwa hivi: akinyamaza, Jael anarudi. Hakuhitaji hata kusema uongo mkubwa. Alihitaji tu kuendelea kushona nyota zilizolala mpaka Justus aje, na kumwambia maneno mawili. Butere ni mbali, nani angejua. Na Jael mwenyewe alisema atakuja.

Alikaa akashona nyota iliyolala. Akafika nusu, mkono ukasita. Akaiweka, akachukua nyingine. Ikawa vile vile.

“Kushona vibaya kwa kutojua, hiyo ni bahati mbaya,” anasema. “Nilikuwa nimeshona hivyo wiki nyingi na nikalala usingizi. Lakini ukishajua, kila ukivusha uzi unajiona. Na nilimwona Nicanor na kile kikohozi chake, na wale dada zake. Nikajua kazi haijakwama. Kilichokwama ni kile alichokisema yeye darajani.”

Unga wa wimbi alimpa Sidi. Kisha akainua godoro.

Justus alipokuja kuaga, alikuta bahasha iko tayari. Akatoa kadi ya kwanza, akaitoa nje juani, akarudi ndani akitazama huku na huku kama mtu anayetafuta viatu vya mgeni.

“Jael amerudi?”

“Hajarudi.”

“Basi upande huu kashona nani?”

“Mimi.”

“Kwa kushoto?”

“Kwa kulia. Nakilaza ubavu, nashona, nakisimamisha.”

Justus akafikiri. “Ni rahisi hivyo?”

“Ni rahisi hivyo.”

Anasema hilo neno lilimuuma kupita siku ya darajani. Karibu miaka kumi walikaa magoti kwa magoti dirishani, kipande kimoja kikienda na kurudi kati yao, wakiamini lazima wawe wawili. Kumbe haikuwa lazima. Walikuwa wawili tu.

“Basi nimwambie Jael nini?” Justus akauliza.

“Mwambie kazi inakwenda.”

“Hilo tu?”

“Na umpe hii.” Akampa kadi moja, nyota nzima, ukingo wake umetunishwa kwa simbi.

Justus alifika Butere. Aliporudi mwezi wa Januari alimweleza Agneta yote, na Agneta alimfanya aeleze tena.

Jael aliipokea kadi kwa mkono wa kushoto, akatoka nayo uani. “Upande wangu kashona nani?” akauliza.

“Mwenyewe.”

“Peke yake?”

“Peke yake.”

Akaitazama mpaka Justus akaona haya, akajifanya anatazama kuku. Kisha akauliza kama duka linachukua. Justus akamwambia linachukua zote. “Basi vizuri,” akasema Jael. Akaingia ndani, na Justus akamsikia akimwambia mumewe, “Kadi hazikukwama.”

Lile sanduku la bati, Justus akaongeza, lilikuwa karibu na mlango, bado limefungwa kamba.

“Kamba gani?” akauliza Agneta.

“Ya katani. Ina mafundo mawili hapa juu.”

“Mafundo hayo nilifunga mimi,” akasema Agneta, akainuka kwenda kumtilia chai.

Hadi habari hii inapoandikwa, mwanzoni mwa mwaka 1949, mambo yako hivi. Nicanor alifariki Februari mwaka jana, akazikwa kwao. Jael anakaa kwa shemeji zake, na mjane wa kule haondoki upesi. Macho yake yamepungua, hashoni tena. Sidi amehamia Junda na anauza mbaazi huko huko. Justus ameuza baiskeli, ana kibanda cha vitabu Changamwe, na huja Frere Town kila baada ya miezi miwili mitatu. Duka la mjini bado linachukua kadi zote. Hamali wa mkokoteni hakuna anayemjua alikokwenda.

Bi Agneta yuko chumba kile kile. Kadi sasa ni senti sabini na tano. Sima anapika ya mtu mmoja. Nauli ya treni, daraja la tatu, mpaka Butere anayo, ameifunga kwenye pindo la leso, na anasema atasafiri baada ya Pasaka.

Mwaka jana pia alisema baada ya Pasaka.